Ubao wa Sataranji wa Fundi Risasi

Fundi Risasi hakuzaliwa na jina hilo. Wengine husema alipewa kwa sababu ya risasi anayoyeyusha mchana kutwa akiunganisha nyaya za redio na simu za watu. Wanaomfahamu vizuri husema ni kwa sababu ya mdomo wake. Ukimpelekea simu iliyokwisha kuchokonolewa na fundi mwingine, utatukanwa wewe, na huyo fundi naye atatukanwa, kisha simu itapona. Ndivyo alivyo, na watu wamemzoea.

Lakini hasira aliyokuwa nayo mwaka ule haikuwa ya dukani. Kaka yake mkubwa, mpiga chapa mstaafu aliyepofushwa na presha ya macho, alikuwa amefukuzwa kwenye kilabu cha sataranji alichokichezea miaka ishirini. "Amefukuzwa" ni neno langu mimi. Wao walisema amepumzishwa. Kosa lake? Aligusa kete. Sasa niambie, mtu asiyeona ataijuaje kete ilipo asipoigusa? Katibu wa kilabu, bwana mmoja asiyeachana na faili lake hata akienda chooni, alisimama pembeni ya meza akatamka kanuni: aliyegusa kete lazima aicheze. Mchezo ukamwishia mzee wa watu kwa sababu kidole chake kilipita juu ya malkia kikitafuta njia.

Kaka mtu alirudi nyumbani, akavua viatu, akaomba maji. Dada mtu, Fundi Risasi mwenyewe, ndiye aliyefoka, kwa niaba yao wawili na majirani pia.

"Nitatengeneza ubao utakaowafunga midomo," alisema. "Wakose hata pa kushika!"

Akafumua printa mbili mbovu, akatoa mota. Chini ya kipande cha plaiwudi akafunga reli, na juu ya reli sumaku inayotambaa; kila kete akaipachika chuma kitakoni. Ukiitajia simu kete na mahali pa kwenda, sumaku inaikokota kutoka chini mpaka inafika. Mpinzani akisogeza yake kwa mkono, swichi iliyo chini ya kila mraba inajua, na simu inatangaza kwa sauti. Farasi walimtesa kuliko wote, maana farasi huruka na sumaku hairuki. Wakawa wanawapamia wenzao njiani kama walevi, mpaka alipowafundisha kupita kwenye mistari kati ya miraba. Mwisho akakichukua kitabu cha kanuni za kilabu, akaziingiza zote ndani ya simu, ukurasa kwa ukurasa, ili katibu asipate kisingizio.

Miezi minane hiyo. Alijifungia chumbani kwake, akaujaribu mwenyewe, kwa macho yake mazima mawili. Kaka yake akiuliza anagonga nini, anajibiwa, "Subiri, utaona." Wakicheka wote wawili.

Orodha ya mashindano ya mwaka ilikuwa inafungwa Ijumaa. Jumatano katibu akakubali, kwa shingo upande, kuja kuutazama ubao. "Ukifanya kazi, jina lake naliandika hapa hapa," alisema akifungua faili. "Usipofanya kazi, tusisumbuane tena."

"Wewe sema tu, kaka," fundi alimnong'oneza. "Ubao utafanya mengine."

Kaka mtu alitaja askari wake wa kwanza. Askari akatambaa peke yake, na katibu akanyanyua nyusi. Katibu akasogeza wake, simu ikatangaza. Hatua tatu zilienda hivyo, na Fundi Risasi akaanza kuvimba kwa fahari. Ndipo kaka yake akanyoosha mkono. Vidole vikapita juu ya safu ya kwanza, vikashuka ya pili, vikamwinua farasi kidogo na kumpapasa masikio.

"Farasi ameguswa," ilisema simu. "Lazima achezwe."

Kaka mtu aligutuka, akamrudisha chini. Simu ikarudia, kwa sauti ile ile ya upole.

Katibu alicheka mpaka faili likamponyoka. "Fundi, hata mashine yako iko upande wangu!"

Alichojibiwa sikiandiki. Inatosha kusema katibu aliliokota faili lake akatoka mbio, na jina halikuandikwa. Kisha Fundi Risasi, damu bado inamchemka, akamgeukia kaka yake.

"Na wewe! Si nilikwambia useme tu? Huo mkono ulikuwa unatafuta nini?"

"Niseme nini, na sijui kete zimekaaje?"

"Si simu inakwambia?"

"Inanisimulia moja moja. Mimi sichezi kwa kusimuliwa. Nazisoma zote kwa vidole, kila zamu, kama nilivyopiga taipu maisha yangu yote." Sauti yake ilipanda, yeye ambaye hata siku ile ya kilabu hakuipandisha. "Miezi minane nakusikia ukigonga upande wa pili wa ukuta! Hukuniita hata siku moja niweke mkono hapo. Yule bwana alininyima vidole vyangu kwa kanuni. Wewe, dada yangu, umeninyima kwa mota."

Nyani haoni kundule. Fundi Risasi alifungua kinywa ajibu, kwa sababu hajawahi kukosa jibu, na akiwa na hasira huwa na majibu matatu. Alikuwa na hasira kuliko siku zote, na safari hii hapakuwa na wa kumtupia. Akavuta kiti, akaketi upande aliokuwa ameketi katibu.

"Kaka," alisema, "wewe huwa unachezaje?"

"Nyamaza kwanza," alisema kaka yake, "ndipo nikwambie."