Mzee Mhina Anangoja Jibu

Wapo watakaosema nilikuwa na homa siku ile. Sikuwa na homa, wala pombe sijawahi kuionja. Nilikuwa mzima, nimechoka tu, na uchovu haujawahi kumpa mtu barua mkononi. Uniamini usiniamini, nitakueleza kama ilivyokuwa.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Kwetu ni Kwaluguru, Handeni, lakini wakati huo nilikuwa karani kwenye shamba moja la mkonge karibu na Korogwe, nimepanga chumba Masuguru. Mchana kutwa kalamu. Nikirudi nyumbani, manamba, vibarua wa mkonge waliotoka nchi za mbali, wananingoja niwaandikie barua za kwao. Niliwaandikia wote. Mtu akisema, "Mwambie mke wangu sirudi mwaka huu," naandika, nakunja, namwita mwingine. Barua za watu hazina uzito. Za kwangu ndizo zilizonishinda.

Mama alikuwa akiniandikia kwa mkono wa mwalimu wa chuo cha Kurani pale kijijini, na swali lake lilikuwa moja tu. Baba alipofariki aliacha shamba, na baba yangu mdogo, mwenye watoto wengi, alikuwa akilihitaji. Mama alitaka kujua kama nitarudi kulima. Kama narudi, ataendelea kulilima yeye lisije likawa pori. Kama sirudi, atamwachia baba mdogo, na yeye mwenyewe ahamie Handeni mjini kwa dada yangu, apumzike. Mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua.

Jibu nilikuwa nalo: sirudi. Lakini utamwandikiaje mama yako neno hilo, ukijua mwalimu atalisoma kwa sauti barazani, majirani wote masikio wazi? Barua ya kwanza ilikuja kwa lori, nikaiweka. Ya pili nikaiweka juu ya ya kwanza. Ya tatu nilipoiona tu, niliisukuma chini ya godoro. Hivi wewe umewahi kuogopa karatasi? Mimi niliogopa. Niliona aibu kwa kuchelewa, na kwa aibu hiyo nikazidi kuchelewa.

Ndipo Jumapili moja alasiri, jua bado kali, akatokea Mzee Mhina. Huyu kwetu alijulikana na kila mtu. Alikuwa akibeba barua kwa miguu kati ya Handeni na Korogwe, na desturi yake ilikuwa haondoki bila majibu. Unampa maji, unampa chakula, naye anakaa kibarazani kwako mpaka umalize kuandika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako kanituma. Kasema nisirudi mikono mitupu."

Akanipa barua. Niliipokea kwa mkono huu. Ilikuwa na unyevu, nikadhani ni jasho la safari. Swali lilikuwa lile lile. Nikamwekea ugali na maji, nikamwambia akae, naandika sasa hivi.

Nikaingia ndani, nikaanza na salamu. Unajua barua zetu zilivyo: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali, nisalimie fulani, na fulani naye msalimie. Nikausalimia ukoo mzima mpaka karatasi ikajaa, jibu likakosa pa kukaa. Nikachukua karatasi nyingine, nayo ikajaa vilevile. Basi nikafanya jambo ninalolionea haya mpaka leo. Nikatoka kwa mlango wa uani, nikaenda zangu sokoni. Mjumbe hauawi, wanasema, lakini sikumbuki kusikia kwamba hakimbiwi.

Nilirudi magharibi. Yupo. Ugali umekauka, maji hayajapungua.

"Bado kidogo, mzee."

"Nangoja."

Mama mwenye nyumba akapita na ndoo yake. "Unasema na nani, karani?"

Nikamwonyesha. Akatazama pale pale, kisha akanitazama mimi. "Kapumzike, baba," akasema, akapita katikati ya magoti ya mzee kama mtu anayepita njia nyeupe.

Sikulala. Asubuhi akaja shemeji yangu, mume wa dada, ameshuka kwenye lori la Handeni. Mzee Mhina alikuwa bado amekaa nyuma yake. Shemeji hakumwona.

"Mama kanituma," akasema. "Mzee Mhina tumemzika Ijumaa. Alikutwa kando ya mto, amekata roho, na barua yako haikuwemo mkobani. Mama anauliza, ilikufikia?"

Barua ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Mzee akainua macho, akanitazama. Nilikuwa nimechoka sana, na hapo palikuwa na mlango wa kutorokea, uliofunguliwa na mtu mwingine.

"Haikunifikia," nikasema.

"Basi nipe jibu mimi, nilibebe kichwani."

"Nitaandika mwenyewe, shemeji. Mambo haya yanataka utulivu."

Sikuandika. Mama alilima msimu ule, na msimu uliofuata, na wa tatu ukamkuta shambani na jembe. Hakurudi nyumbani kwa miguu yake. Kwenye matanga baba mdogo alinikalia karibu, akaniambia bila hasira yoyote, "Tulimsihi sana apumzike. Akasema, mwanangu hajajibu. Nitagawaje shamba la mtoto aliye hai?"

Nilirudi Masuguru siku ile ile, nikaandika neno moja peke yake, bila salamu hata moja. Nikalipeleka kibarazani. Mzee Mhina hakunyoosha mkono.

"Si ulisema haikukufikia, mwanangu?" akaniuliza kwa upole. "Basi mimi bado niko njiani."

Ukarani niliuacha. Nyumba nimehama mara tatu, na kila ninapotua mizigo namkuta amekwisha kukaa mlangoni. Hanidhuru. Hanitishi. Mke wangu hufagia kibaraza, na fagio linapita miguuni pake, vumbi halimgusi.

Kwa hiyo wewe, kama kuna mtu anangoja neno lako, mpe leo, hata kama ni neno la kuvunja moyo. Akilia, atalia, kisha ataweka jembe chini. Na ukipita kwangu ukanisikia nikitoa shikamoo kwenye kizingiti kitupu, usinicheke. Namwamkia tu. Ni mtu mzima, naye amechoka kuliko mimi.