Nilipomlisha Keki Cucu Ambaye Hakuwepo

Nilipomwagia cucu, nyanya wa bwana harusi, keki kwa mapaja, mzee mmoja akauliza, "Huyo mtoto amelewa?" Hema yote ikacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Nilikuwa na miaka minane, na sasa nina mvi, lakini bado nawasikia.

Wakati huo tulikaa nyumba za kiwanda pale Thika, harufu ya mananasi yakipikwa inaingia mpaka kwa blanketi (hata leo nikiisikia nakuwa mtoto tena), na mimi nilitembea kichwa kimelalia bega la kushoto, kama kuku anayesikiliza kitu. Nikikinyoosha, kila kitu kinakuwa viwili, kimoja juu ya kingine. Sikusema. Nilidhani watu wote wanaona hivyo.

Basi tata Njeri, dada mdogo wa mama, akawa anaolewa, akanichagua niwe msichana wa kubeba maua. "Lakini hiyo shingo unyooshe, kairetu! Picha zangu hutaniharibia na maringo." Mkononi alikuwa na viatu vyeupe vyenye kipepeo. Mimi nikaangalia kipepeo, nikasema sawa. (Mjinga mimi.)

Siku yenyewe akanikaza skafu shingoni mpaka nikasimama kama mlingoti. Maua nilipita nayo vizuri kwa sababu mwenzangu wa maua alinishika mkono. Ikaja keki, ile watoto wanapelekea cucu wakipiga magoti, nikainua macho, nikaona cucu wawili, wote wamefungua mdomo wakingoja. Nikachagua wa juu. Hapo hapakuwa na mtu.

"Si nilisema ni maringo!" Tata akanifinya mbele ya mpiga picha. Ni cucu peke yake aliyeokota kipande kwa leso yake, akala, akaniambia, "Kuja, maitu, mama yangu. Hii ya kwa nguo ndiyo tamu." Mungu amrehemu.

Juzi shingo ilipozidi kuniuma, hospitali ikanituma kwa daktari wa macho hapa Ruiru, naye akaniitisha picha za utotoni. Zote kichwa kimelala, isipokuwa za harusi. Akasema neva moja ya jicho ilikuwa dhaifu tangu nizaliwe, na kichwa kilikuwa kinalala ili nione kitu kimoja. "Hakuna mtu aliwahi kukuuliza?"

Tata Njeri, uko hapo Mwiki, na ile picha ya harusi bado umeitundika sebuleni. Samahani yako sitaki. Nataka unijibu: kabla ya kukaza ile skafu, ilikushinda nini kuniuliza naona nini?