Kiti cha Mbele Kwenye Matanga

Sisi watu wa Lumakanda karibu wote ni watu wa kuja. Wazazi wetu walikatiwa mashamba yaliyokuwa ya Wazungu, huyu katoka Bunyore, yule Maragoli, mwingine kwa Wakalenjin, wakapanda mahindi wakazaliana. Mtu akifa, ndugu wa damu hawatoshi kumzika. Kwa hiyo ukoo wetu ni jiko la matanga, yale mafiga makubwa nyuma ya nyumba ya msiba ambapo wanawake hupika chakula cha watu wote. Ukiwa na kazi yako pale, wewe ni mtu wa hapa. Kazi yangu ilikuwa kusonga ugali.

Niliipata kwa njia mbaya. Mume wangu alipofariki, hatukuwa tumejaliwa mtoto, na wanawake wa jiko hilo ndio waliolala sakafuni sebuleni kwangu hadi nikaweza kulala peke yangu. Msiba uliofuata nilikwenda jikoni bila kuitwa, nikakamata mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Jirani yangu wa ng'ambo ya ua akaishikilia sufuria isiyumbe.

"Songa, wewe! Unabembeleza nani?" akaniambia.

Nilimpenda papo hapo. Tangu siku hiyo, palipo na msiba mimi nilisonga na yeye alishikilia, na hakuna aliyetugombania nafasi, maana ule moshi ulimliza hata asiyefiwa.

Wakati huo nilikuwa nafundisha biolojia na kilimo katika shule ya sekondari ya karibu, nimeajiriwa na bodi ya shule. Digrii ya kilimo nilikuwa nayo, lakini ualimu sikuwa nimeusomea, na asiyeusomea hapewi namba ya usajili. Akaja mwalimu mkuu mpya, mtu wa kunyoosha mambo, akaniita ofisini na kuniambia bila kuzunguka: nikasome, au nimwachie nafasi mwenye namba. Nilitoka nimefura. Watoto wa watu nimewafundisha miaka na miaka, leo naambiwa mimi si mwalimu! Lakini sikuwa na pa kula pengine. Nikameza hasira, nikajiandikisha chuoni, Kakamega mjini, kwa masomo ya likizo.

Masomo ya likizo ni mpango wa walimu: shule zikifunga, wewe unafungua. Aprili, Agosti, Desemba. Aliyeutunga hakuwa mtu wa kwetu, kwa sababu kwetu hiyo ndiyo miezi ya kuishi. Agosti ni tohara za vijana. Desemba ni harusi, ni watu kurudi kutoka Nairobi, ni mazishi yaliyokuwa yakisubiri ndugu wafike. Mimi Desemba nililala bwenini, kwenye kitanda cha mwanafunzi aliyekwenda kwao, nikitazama picha za wanasoka alizobandika ukutani. Wenzangu wa darasani walikuwa wazuri, ila kila mmoja alikuwa na mtoto wa kuwahi au mume wa kumpigia simu. Jumapili mji ulijaa watu waliovaa vizuri kwenda kwa watu. Nilinunua mahindi ya kuchoma nikayala nimesimama kando ya barabara, nikijifanya nangoja mtu.

Mazoezi ya kufundisha niliyafanyia darasani kwangu mwenyewe. Mkaguzi wa chuo, kijana wa viatu vya kung'aa, aliketi nyuma akiandika kama najua kushika chaki. Wanafunzi wangu walinionea huruma. Kabla hajaingia walikuwa wameninong'oneza kwamba wamekubaliana: anayejua jibu ainue mkono wa kulia, asiyejua ainue wa kushoto, ili darasa zima lionekane lina moto. Nilipita. Nilicheka njia nzima hadi nyumbani, nikaenda moja kwa moja kwa jirani yangu kumsimulia, nikakuta mlango umefungwa. Walikuwa wote kwenye msiba, na mimi sikuwa na habari.

Kesho yake nilimuuliza mbona hakuniambia.

"Si tulijua uko na masomo," akasema kwa upole. "Hatukutaka kukusumbua."

Afadhali angenigombeza.

Namba ikatoka. Kazi yangu ikawa salama, na mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Mimi nikaendelea na shahada ya uzamili. Naweza kusema niliipenda elimu, na niliipenda kweli. Lakini pia jioni zangu zilikuwa tupu tayari, na kitabu hakikwambii kwamba hakikutaka kukusumbua.

Utafiti wangu ulihusu udongo uliochoka na namna wakulima wetu wanavyotumia samadi. Nilipofika kwa jirani yangu na karatasi zangu za maswali, alinitolea kiti nje, akajifunga leso safi, akakaa wima kama aliyeitwa na chifu. Nikamuuliza anatia samadi kiasi gani, mimi niliyekuwa nikimsaidia kuibeba.

"Inategemeanga na mvua, Madamu," akajibu.

Madamu! Nilitaka kumwambia aache mzaha, kisha nikamtazama usoni nikaona hakuwa anatania.

Siku ya mahafali nilivaa joho. Mpiga picha aliniuliza wengine wako wapi, nikamwambia apige tu.

Likizo yangu ya kwanza ya kukaa nyumbani ilikuwa Aprili, mvua zimeanza. Mzee mmoja wa barabara ya kisimani akafariki, na siku ya kumzika nikajifunga leso yangu ya zamani, nikapita moja kwa moja nyuma ya nyumba. Mwiko alikuwa nao mke wa mtoto wa jirani yangu, msichana mwenye mikono ya nguvu. Jirani yangu aliponiona aliiacha sufuria, akajifuta mikono, akanisalimu kwa mikono miwili.

"Madamu, huku moshi ni mingi. Walimu wanaketinga mbele."

Akaniongoza hadi kwenye hema. Nikapewa kiti chenye kitambaa na soda yenye mrija. Mwenye kipaza sauti akatangaza kwamba tuko na mwalimu wetu msomi wa uzamili, asimame tumwone. Nikasimama. Watu wakapiga makofi, na mimi nikahisi nimetengwa kama sijawahi kutengwa maishani, mbele ya wote wanaonijua.

Soda sikuimaliza. Nilirudi nyuma ya nyumba, nikasema nataka kazi.

"Utachafua nguo," jirani yangu akasema.

"Ichafuke."

Akanisukumia kwa mguu ungo wa majani ya kunde, kazi wanayopewa wasichana na wake walioolewa juzi. Niliketi juu ya mtungi uliopinduliwa nikachambua jani moja moja, polepole, yasije yakaisha. Nyuma yangu ugali ulikuwa umeanza kukaza, na nilimsikia akimwambia yule mke wa mwanawe, "Songa, wewe! Unabembeleza nani?"