Bibi arusi haimbi

Leo nimeimba mbele ya watu, na dada yangu akatoka nje kulia.

Mnaonijua mnajua sauti yangu haifiki hata jikoni.

Tulikuwa mazoezini hapa kijijini kwetu, Misiera. Yaya Neema, dada yangu, ndiye mwimbishaji wa kwaya yetu. Jumamosi anaolewa, anahamia Mbarara. Wimbo wa kuingia amechagua mwenyewe.

Tukafika kwenye ubeti wake wa kuimba peke yake. Akafungua kinywa.

Mama Esta, mwenzetu wa kwaya, akamkatiza: "Weye! Bibi arusi haimbi, anainamisha kichwa. Unataka baseme uko na haraka ya kutuacha?"

Watu wakacheka. Yaya naye akacheka, kidogo.

"Basi huyu ataimba fasi yangu," akasema, akanisukuma mbele.

Nikaimba, sikukosea hata neno. Vigelegele! Nikageuka kumtafuta. Hayupo.

Nilimkuta nyuma ya kanisa. Nikamwambia nitaharibu makusudi ili wamrudishe.

"Hapana, imba muzuri," akasema. "Kule Mbarara, kanisa ya bwana yangu haina kwaya. Nilitaka tu niimbe mara ya mwisho."

Wenye dada walioolewa, niambieni: Jumamosi nikifika kwenye ubeti wake, nimtazame, au nami niinamishe kichwa?