Siku Niliyomshinda Jirani

Nilipohamia Mkonze, pembeni mwa mji wa Dodoma, sikuwa na mtu. Nilikuwa nimepata kazi ya kufundisha mantiki chuoni, na nyumba niliyopanga ilipakana na ya mwanamke mmoja wa Kondoa, fundi cherehani, aliyenizidi umri kidogo. Nilimwita dada. Yeye aliniita mwalimu.

Jioni nilikaa barazani kwake akimalizia sare za shule, tukibishana. Mtama na mahindi, kipi kina faida? Mtoto aanze na Kirangi, lugha ya kwao Kondoa, au Kiswahili? Alikuwa akisimamisha cherehani na kuniuliza, "Hilo umelijuaje?" Nikimpa sababu nzuri, alikubali bila kinyongo. Nikikosa, alicheka, nami nikacheka. Dodoma nzima sikuwa na raha nyingine.

Kisha ukaitishwa mkutano wa mtaa kuamua kisima kichimbwe wapi. Nilipendekeza karibu na barabara, kwa kuwa wapimaji walisema maji yapo. Dada akasimama. Alisema kisima cha zamani cha upande ule kilitoa maji ya chumvi. Wapimaji walisema maji yapo, hawakusema kama yananyweka.

Ilikuwa hoja nzuri. Watu walikuwa wananitazama.

"Dada," nikasema, "haya ni mambo ya kitaalamu. Wewe uliishia darasa la saba."

Watu wakacheka. Akavuta khanga mabegani, akakaa. Mikono ikanyooshwa, nikashinda.

Wiki ileile nilikuwa nimewafundisha wanafunzi kwamba kumshambulia msemaji badala ya hoja yake ni kosa. Niliandika ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe.

Kisima kilichimbwa, maji yakatoka matamu. Kwa muda nilijidanganya kwamba hilo linatosha. Lakini siku ile mkutanoni sikujua yangetoka vipi. Nilibahatisha tu, na shaka yake ilistahili kujibiwa.

Nikaenda kumwomba radhi.

"Yameisha, mwalimu," alisema bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Si maji tunakunywa?"

"Maji ni sawa. Mimi ndiye niliyekosea."

"Sawa, mwalimu."

Baadaye ndipo nilipowaza kwamba nilimvunjia heshima mbele ya mtaa mzima, halafu radhi nikaipeleka pembeni. Mkutano uliofuata nikasimama, nikaeleza kosa langu. Watu walinisikiliza kwa adabu. Yeye hakuwepo. Haji tena mikutanoni.

Bado ananikaribisha. Ananisogezea kigoda, ananimiminia chai, na kila ninachosema anakikubali. Juzi nilisema makusudi kwamba hapa mjini mvua ni nyingi kuliko milimani kwao, uongo ambao hata mgeni angeukataa. Nikangoja.

"Ni kweli," akasema, akageuza kitambaa na kuendelea kushona.

Nilimaliza chai, nikaaga, nikaingia kwangu kusahihisha majibu ya wanafunzi. Wote walikuwa wameandika kile kile nilichowaambia.