Fungu la Mama wa Vyombo

Siku zote nimekuwa mwepesi wa hesabu za kichwani, na kwa miaka miwili kipaji hicho kilinifaa kwa kazi moja tu: kugawa bili za watumishi wa serikali. Mgahawa wetu ulikuwa kando ya barabara iendayo Mtumba, kwenye ofisi za wizara. Ikifika saa saba mchana walishuka saba saba, nane nane, wakakaa meza moja, wakaagiza vyakula tofauti, kisha wakataka bili moja ambayo kila mtu alipe chake. Mmoja kala kuku wa kienyeji, mwingine ugali na mlenda, wawili wamegawana samaki, na yule wa mwisho anaapa alikunywa maji tu wakati mifupa iko mbele yake. Nilisimama pale na trei kwapani nikawatajia mmoja mmoja: wewe elfu nane, wewe nne na nusu, na wewe wa maji, elfu saba. Walicheka, na waliocheka ndio waliotoa bakshishi.

Bakshishi haikuwa ya mtu mmoja. Ilitumbukizwa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya friji, na kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana tuliimwaga mezani tukaigawa. Nilipoanza kazi waligawana wahudumu watatu na mpishi peke yao. Mama wa vyombo, mtu mzima wa Kigogo aliyetoka kijijini alfajiri na kusimama kwenye karo hadi jioni, hakupata hata shilingi. Nilikuwa na wiki tatu tu kazini nikafungua mdomo. Nikauliza, huyo mteja angetoa kitu kama sahani yake ingekuwa na ukoko wa jana? Mpishi alinuna siku mbili. Mwishowe tukakubaliana mafungu kumi: wahudumu mawili mawili, mpishi mawili, mama wa vyombo moja, mlinzi moja.

Wiki ya kawaida kopo lilitoa elfu ishirini, na mama wa vyombo akaenda kwake na elfu mbili. Jumamosi ya kwanza alizifunga kwenye pindo la khanga, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili yenye povu. Mimi nikakabidhiwa kopo nilitunze, pamoja na kidaftari cha mgao. Niseme ukweli, kile kidaftari nilikipenda kuliko mshahara. Nilifeli kidato cha nne, nyumbani hakuna aliyewahi kuniachia hata ufunguo wa kabati, na hapa watu wazima watano walingoja mimi niseme nani apate nini. Sikuwa na kitu kingine cha kujivunia duniani.

Aliyenitafutia kazi hiyo ni dada mmoja wa Kondoa, mhudumu mwenzetu wa siku nyingi. Si ndugu yangu wa damu, lakini miezi miwili ya mwanzo nililala chumbani kwake mtaa wa Kikuyu bila yeye kuniomba senti ya kodi, na ndiye aliyenifundisha kubeba sahani nne kwa mpigo na kutojibizana na mteja mkorofi. Alikuwa mtu wa swala tano. Mwezi wa Ramadhani alihudumia meza za watu wanaokula huku yeye kafunga, na uso wake haukukunjika. Nilimwamini kabisa, bila hata kujiuliza.

Kisha wateja wakaacha kutembea na noti. "Ya soda nikutumie wapi?" wakawa wanauliza, simu mkononi. Simu nilikuwa nayo, tatizo laini. Ilisajiliwa kwa kitambulisho cha kaka yangu, na kaka alikopa kwenye mtandao akajifanya kasahau, hivyo senti yoyote iliyoingia ilikatwa deni kabla sijaiona. Basi kila mteja nikamtajia namba ya dada. Tulikubaliana hivyo mimi na yeye: watume kwake, yeye atoe taslimu atumbukize kwenye kopo. Niliitaja ile namba mara nyingi kiasi kwamba hadi leo ninaweza kuitamka nikiwa usingizini. Hakuna aliyenilazimisha, niliitaja kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kopo likaanza kukonda. Elfu ishirini ikawa kumi na nne, ikawa kumi, ikashuka hadi nane. Kila Jumamosi dada alitumbukiza elfu mbili mbele ya wote, akatikisa kichwa, akasema watumishi wa siku hizi wana mkono wa birika. Mlinzi akaacha kunitania. Mpishi akawa ananikazia macho ninapohesabu. Nami nikawa nahesabu mara mbili, mara tatu, nikidhani nimekosea mimi.

Jumamosi moja mpishi akalitoa la moyoni. "Kopo unatunza wewe, daftari unalo wewe. Sisi tuseme nini?"

Nilijibu kwa hasira, na hasira yangu siku zote hunifanya nionekane mwongo. Wakapiga kura ya mikono kama daftari litoke kwangu. Mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa mama wa vyombo.

Ndipo dada akasimama kunitetea. "Jamani, huyu bado mtoto," alisema. "Amepitiwa tu. Nani kati yetu hajawahi kupitiwa? Msameheni mdogo wangu, daftari nitalishika mimi."

Wakanisamehe. Nilisamehewa kosa nisilolitenda, na nikamshukuru aliyeniombea msamaha. Nilimkumbatia pale pale mbele ya friji nikalia begani kwake. Nikikumbuka machozi yale natamani kujizaba kofi.

Ijumaa iliyofuata, mteja wetu wa meza ya dirishani, mtumishi wa makamo ambaye hukusanya bakshishi za wenzake akatuma kwa mkupuo, alinitania. "Binti, elfu kumi kila Ijumaa na bado unaninunia?" Nikacheka, nikidhani anatia chumvi. Akanifungulia jumbe za kwenye simu yake. Elfu kumi, elfu kumi, elfu kumi, Ijumaa tano mfululizo, zote kwa ile namba ninayoijua kwa moyo.

Wiki iliyofuata kila niliyemtajia namba nilimwomba anionyeshe alichotuma, kwa kisingizio cha kuhakikisha imefika. Hadi Jumamosi zilikuwa elfu ishirini na tisa. Dada alitumbukiza mbili. Kopo likatoa nane.

Nilimkabili nyuma, kwenye magunia ya mkaa. Hakukana.

"Wewe unagawia hadi wasiohusika," alisema. "Mlinzi anajua mteja anakula nini? Mimi nina watoto wawili Kondoa."

Nikamuuliza kwa nini aliniacha niitwe mwizi.

"Si nilikuombea msamaha?" Alishangaa kweli, kwa namna ya mtu aliyenyimwa ahsante yake. Hilo linaniuma kuliko hela zote.

Nikaenda kwenye karo. Nilitaka angalau mtu mmoja ajue kwamba sikuiba, na nilitaka mtu huyo awe mama wa vyombo. Nikamweleza yote, namba, jumbe, ile elfu ishirini na tisa. Hakugeuka.

"Nilijua, mwanangu," alisema. "Simu yake anaichaji hapa dirishani kwangu. Kila watu wa meza yako wakinyanyuka, inalia."

"Na bado mama ukanyoosha mkono?"

"Kopo lako linanipa mia nane. Yeye ananiongezea elfu moja na mia tano. Jumla inapita ile elfu mbili ya mwanzo." Alinieleza kwa upole, bila aibu, kana kwamba tunazungumzia bei ya unga.

Ningeondoka tu. Lakini hesabu huja kichwani kwangu bila kuitwa: nane, jumlisha ishirini na saba alizobaki nazo dada, thelathini na tano, gawa kwa kumi.

"Zote zingeingia kwenye kopo, fungu lako lingekuwa elfu tatu na mia tano," nikamwambia. Nilitaka imchome.

Maji yaliendelea kutiririka.

"Kwa wiki?" aliuliza.

"Kwa wiki."

Akachukua sahani aliyokwisha kuiosha, akairudisha kwenye povu, akaanza kuisugua upya.