Wanaokuja Kuwachukua

Watu wakisikia kwamba mimi ni afisa wa probesheni hapa Lodwar, swali lao la kwanza huwa lile lile: hao wahalifu hawakutii kinyaa? Huwajibu kwamba wahalifu wangu wengi hawana neno. Nina mzee aliyempasua jirani kichwa kwa fimbo wakigombea maji ya mifugo. Kila akija kuripoti hulala kwenye benchi la ofisi hadi jua lipungue makali, kisha hunishukuru kwa kivuli. Nina vijana wa Kakuma walioiba nyaya za umeme. Mahakama iliwaamuru wafagie zahanati na wanafagia, huku wakinung'unika na kuniita "Mathe", kana kwamba mimi ni mama yao. Hao nawafokea, na nikifika nyumbani nimeshawasahau. Kinyaa changu nimewawekea wale wanaokuja kuwachukua.

Yule bwana wa Lorugum alikuja ofisini asubuhi, shati limepigwa pasi, marashi yakimtangulia mlangoni, na nyuma yake dereva amebeba kreti ya soda. Ana duka na pickup huko kwao. Alikuwa amekuja kwa ajili ya msichana wa miaka kumi na sita aliyekuwa rumande ya watoto. Msichana huyo alikuwa amekubali mahakamani kwamba aliiba simu ya bwana huyo, akaiuza, na kwa pesa hizo akapanda gari kwenda Kakuma. Polisi walimkuta kambini, alikokuwa akiosha vyombo katika kibanda cha chai cha mama mmoja mkimbizi kutoka Sudan Kusini.

"Madam, hii mtoto ni damu yetu," bwana aliniambia, akijifuta shingo kwa leso nyeupe. "Mimi ni baba yake mdogo. Alikuwa anakaa kwangu asome. Amekosa, lakini mimi nimesamehe. Andika tu nimchukue."

Nikamwambia arudishe soda zake kwenye gari. Alicheka kama mtu aliyetaniwa.

Kabla hakimu hajaamua, kazi yangu ni kuzungumza na mshtakiwa, kwenda kwao, kuwaona watu wake, kisha kumwambia hakimu kama nyumba anayorudishwa inafaa. Nilianza na msichana. Alikaa mbele yangu akichuna ngozi ya kidole, haninyanyulii macho. Nilipomuuliza kuhusu shule alihamia kidole kingine. Nilipomuuliza kuhusu baba yake mdogo alikichuna hadi kikatoa damu. Mwishoni aliniuliza swali moja tu: kama mtu akitaka kufungwa miaka mingi, aibe nini?

Swali hilo nililala nalo.

Yule mama wa Kakuma naye alikuja, kwa nauli yake, na kitenge chake cha kanisani. "Hii biniya, hii binti, Madam, mimi nataka," alisema. "Yeye nafanya kazi muzuri. Lakini gari ikisimama nje, yeye nakimbia chini ya meza." Nilimuuliza gari gani. Akasema gari yoyote yenye pua nyeupe.

Gari la ofisi halikuwa na mafuta, na hilo si habari. Bwana akajitolea kunipeleka Lorugum kwa pickup yake nyeupe. Nilikataa nikapanda bodaboda, nikafika kwa wazazi wa msichana nimekuwa mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope. Boma lao liko nje kidogo ya Lorugum, vibanda vichache na zizi la mbuzi. Naibu wa chifu alikuwa ameshatangulia, amekaa kwenye kiti chake kidogo cha mbao, anasugua meno kwa kijiti cha mswaki.

"Ejok!" nikawasalimu.

"Ejok-noi!" wakaitikia. Baba wa msichana alikuwa mtu mwembamba, mpole, wa kuitikia kila kitu. Nilimuuliza kama yule bwana mwenye duka ni mdogo wake. Akamtazama naibu wa chifu, kisha akasema ndiyo. Naibu wa chifu akasema ndiyo kabla hata sijamgeukia. Walikuwa wamenichinjia mbuzi, na nyama ilikuwa tayari jivuni. Nikakatiwa kipande. Mama wa msichana alitoka kibandani na birika la chai, akanipa mkono, akaushika wangu muda mrefu. Nyuma yake alichungulia binti mwingine mdogo, wa umri wa kung'oka meno ya mbele.

Hapo ndipo pickup ilipoingia.

Mama hakuweka birika chini, alilitupa. Alijivutia shuka usoni, akageuka, akakimbia nyuma ya kibanda akiwa ameinama, na hakutoka tena. Bwana naye aliposhuka alikaa mbali na upande ule, akakielekezea kibanda mgongo, na kusubiri nyama yake aletewe chini ya mti mwingine.

Mimi nimezaliwa Kaaleng, huku huku Turkana. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimcheka bibi yangu mzaa mama kwa sababu baba yangu alipokuwa anakuja kutoka malishoni, bibi aliacha njia na kujificha nyuma ya kichaka hadi apite. Mkwe hali chakula mbele ya mama mkwe wake. Hamtazami usoni, hamgusi. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na sioni ubaya. Lakini mwanamke hamkimbii shemeji yake. Shemeji hutaniwa, huombwa tumbaku, hutukanwa kwa mapenzi. Bwana huyu hakuwa baba mdogo wa mtu yeyote pale. Alikuwa mkwe. Mtoto ameozwa kwake, ametoroka, na yeye akaenda polisi kushtaki wizi wa simu ili serikali imsakie mke.

"Huyu mama ni mshamba," naibu wa chifu akasema akicheka. "Anaogopa gari."

Ni Mturkana kama mimi. Ana mama mkwe. Alijua kwamba najua, na bado alicheka, nyuzi za nyama zikiwa zimemng'ang'ania menoni. Kipande nilichokuwa nakitafuna kilinigeukia kinywani. Nilikitema mchangani mbele yao wote, ugenini, kwenye mbuzi niliyechinjiwa mimi. Baba wa msichana alitazama kile kipande, kisha akatazama chini. Sikuomba radhi.

Nilizunguka nyuma ya kibanda. Mama alikuwa amechuchumaa, uso bado umefunikwa. Nilimuuliza kwa lugha yetu kama aliitaka ndoa ile.

"Mimi sijasema kitu," alisema. "Wewe umeona."

Niliandika nilichoona. Siku ya mahakama, bwana alikuja na koti, na baba na naibu wa chifu wakaapa, mmoja baada ya mwingine, kwamba huyu ni mdogo wa baba. Waliapa vizuri sana, sauti zimenyooka. Hakimu alikuwa mgeni kwetu, ametoka Kenya, kama tunavyosema sisi tukimaanisha kila mahali kuanzia Kitale kwenda mbele. Alinitazama kwa uchovu. Upande mmoja una baba mzazi na afisa wa serikali; upande wa pili una mimi na mama aliyejifunika shuka.

Nikamwomba jambo dogo. Nikasema: kama huyu bwana ni shemeji wa mama yule, basi amsalimie kwa mkono mbele ya mahakama.

"Ni hilo tu?" hakimu akauliza.

"Ni hilo tu, Mheshimiwa."

Watu waliokuwa wamekuja kwa kesi zao za mbuzi na za pombe waliacha kunong'ona. Wote walielewa, isipokuwa hakimu. Bwana alifunga kifungo cha koti, akatembea hadi katikati ya chumba, akasimama. Mama alikuwa ameugeukia ukuta, mabega yamejikunja. Bwana alinyoosha mkono kidogo, akaurudisha. Akatoa leso.

"Mheshimiwa, hiyo haiwezekani."

"Kwa nini?"

Alijifuta shingo kwa leso ile. Kule nyuma mwanamke mmoja alisonya, akafuatwa na mwingine, hadi karani akaomba utulivu. Jasho lilikuwa limelowesha kola ya bwana. Na hapo nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, kwa sababu niliona kwamba aibu anayo. Alikuwa nayo muda wote. Kudanganya mahakama hakukumtoa jasho, wala kulala na mtoto, wala kumtuma askari mwenye bunduki kumtoa mtoto huyo chini ya meza ya chai. Ila kugusa kiganja cha mama mkwe, hapana, huo utakuwa uchafu.

Hakimu alielewa nilipomweleza. Aliamuru msichana awe chini ya uangalizi wangu, akae katika nyumba ya wasichana inayotunzwa na masista hapa mjini, na polisi waandikishe taarifa juu ya ndoa ile. Nilitoka nje nikiwa na furaha. Nakiri, hata nilitembea kwa maringo.

Pickup ilikuwa imeegeshwa mbele ya baraza. Askari aliyepewa kazi ya kuandikisha taarifa alikuwa ameshaketi kiti cha mbele, anachagua wimbo kwenye redio. Mama alikuwa nyuma kabisa, juu ya magunia, shuka usoni, kwa kuwa hakuna gari lingine la kumrudisha kwao. Bwana alisimama na baba wa msichana, koti ameshalivua, amelitupia begani.

"Mifugo yangu ya mahari umeshakula," alikuwa anasema bila hasira, kama mtu anayebadilisha bidhaa dukani. "Sasa basi. Kuna ule mdogo. Mimi nitangoja akue kidogo."

Baba aliitikia. Naibu wa chifu alitema vipande vya kijiti chake na kusema hiyo ndiyo njia ya amani.

Nilimwambia askari kwa sauti kwamba amesikia, wote wamesikia. Askari alipunguza redio, akaniuliza kwa adabu kama huyo mdogo ameshaozwa. Nikasema bado. Akaongeza redio.

Msichana alikuwa ananisubiri katika chumba cha pembeni cha mahakama, na ilinibidi nimwambie. Nilimwambia kwanza habari njema: harudi Lorugum, atalala kwa masista, atakwenda shule, atakuja kuniona ofisini. Kwa mara ya kwanza alininyanyulia macho. Ana macho makubwa, ya kahawia.

"Na mdogo wangu?" akauliza. Dirisha la upande wa baraza lilikuwa wazi. Alikuwa amesikia kila neno.

Nilianza kumweleza. Nikasema nitakwenda kwa afisa wa watoto, nitaandika, nitapiga simu. Nikasema kwamba wewe nimeweza kukusaidia kwa sababu ulikuwa na kesi, uliletwa mbele ya hakimu, una faili kwangu. Yeye hana kesi. Hajafanya kosa lolote.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kwa hivyo tungoje aibe?"